Kitanzi Kinachoshika Wenzake

Liuli, Ijumaa, saa tisa alasiri

Mwanangu Otilia,

Umetoka kwenda kuwaaga watu, na umeniambia nisikutengee chai kwa sababu kila nyumba itakunywesha ya kwake. Tranka lako liko hapa mbele yangu. Tangu uondoke nimelifungua mara tatu na kulifunga mara tatu, na hakuna nilichoongeza wala kupunguza. Nimeona afadhali nikae mezani nishike kalamu, maana mkono wenye kalamu haufungui tranka.

Sitakuandikia juu ya chandarua, wala ndoo, wala kuanika nguo juani. Hayo yote yako kwenye orodha niliyoibandika ndani ya kifuniko, na nakala yake iko kwenye mfuko wa sweta, na nakala nyingine nimebaki nayo mimi. Ukicheka hapo, cheka. Mama yako ni karani, na karani asiye na nakala hapati usingizi.

Nataka kukuandikia juu ya rili yetu ya kuvulia samaki. Ndani ya habari za rili kuna jambo moja ambalo sijawahi kukuambia, na sitaki upande gari kesho hujalisikia. Nitalifikia. Niache tu nilifikie kwa mwendo wangu, kwa sababu naliogopa.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilitumwa kupeleka mafaili Mbamba Bay, nawe ulikuwa likizo, nikakuchukua. Tuliingia dukani kwa Mzee Salehe kutafuta wino wa mhuri.

"Shikamoo, Mzee Salehe."

"Marahaba, binti yangu. Na huyu mjukuu wangu mbona amekonda hivi? Huko Liuli samaki wamehama?"

Wewe ulikuwa umeshainua kichwa unatazama rafu ya juu kabisa, kati ya taa za chemli na maboksi ya betri. "Babu, kile ni nini?"

"Kile? Kile kina mwaka wa sita kinanitazama, nami nakitazama. Ni mashine ya kuvulia. Mgeni mmoja aliyekuwa akisubiri meli aliniachia nimtunzie, akasema anarudi. Wavuvi wote wa hapa wameishika, wameizungusha, wamecheka, wameirudisha."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya kazi ya kukaa juu."

Aliishusha, akapuliza vumbi. Kitu kizito cha chuma cheusi, kidogo kama ngumi ya mtoto, na bobini yake katikati imejaa uzi wa nailoni, na mpini wa kuzungushia pembeni. Uliizungusha ikalia kwa sauti laini, kama paka anayekoroma. Mzee Salehe akatuambia tuchukue tu, rafu ipate nafasi. "Lakini mkivua mbasa," akasema, "kichwa ni changu."

Labda umewahi kujiuliza kwa nini nilikubali. Wewe ulidhani nilitaka kukufurahisha. Sivyo. Mimi ni mtoto wa Maguu, milimani kwa Wamatengo. Kwetu maji ni kitu cha kubeba kichwani; si kitu cha kusimama mbele yake ukaona hakina mwisho. Wakati ule nilikuwa na miaka mitatu hapa Liuli na ziwa lilikuwa halijanifika magotini. Wewe ulikuwa umeshajua kuogelea, na ulikuwa umeanza kuniomba uende na wenzako kwenye mtumbwi. Kila ulipoomba, nilikutafutia kazi ya nyumbani. Nilipoiona ile mashine nikafikiri jambo moja tu: kama mtoto huyu atapenda kuvua kutoka kwenye mawe, hatapanda mtumbwi. Ndivyo rili ilivyoingia nyumbani kwetu, mwanangu. Iliingia kwa woga wangu. Furaha ilikuja baadaye, na haikuwa mpango wangu.

Fundi baiskeli alitutengenezea pete za waya, tukazifunga kwenye ufito wa mwanzi, na rili tukaikaza kwa mpira wa tyubu. Tuliifunga chini ya ufito, inaning'inia kama popo. Hakuna aliyetuambia kwamba rili ya namna ile hukaa juu, mahali ambapo dole gumba linaweza kuifikia bobini. Mwezi mzima nilivua, au nilijaribu, rili ikiwa kichwa chini, mpini upande wa kushoto, ninazungusha kinyume kama mtu anayerudisha saa nyuma. Uzi nao ukitoka unafumka wote kwa pamoja, unajikunja, unavimba, unatokeza pembeni ya bobini. Wewe ndiye uliyeyapa jina mafundo yale. "Mama, nywele zimeamka tena." Tangu siku hiyo hatukusema fundo. Tulisema nywele zimeamka.

Unajua nilivyokuwa nikifanya? Nilikuwa na daftari. Jaribio la kwanza, hatua nne, nywele. Jaribio la pili, hatua saba, nywele. Jaribio la tatu, limekwenda nyuma. Nililiandika hilo nalo, limekwenda nyuma, pamoja na jina la mwenye mbuzi tuliyempiga.

Tulifanyia mazoezi kwenye uwanja wa mpira kwa sababu niliogopa mawe. Hatukufunga ndoana, tulifunga plagi kuukuu ya pikipiki iwe uzito. Jumamosi asubuhi wanaume wakitoka kupakua dagaa wa usipa walikuwa wakipita pale, na sidhani kama umesahau maneno yao.

"Mama Otilia, cherehani hiyo inashona suruali?"

"Wamatengo bwana! Ziwa hili hapa, wao wanavua uwanjani."

"Kuna samaki wa nchi kavu huku, ninyi hamjui."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe, kitoto cha darasa la tatu, ukawajibu kwa sauti, "Tunawafundisha kutembea kwanza, halafu ndio tuwavue." Na yule mama aliyekuwa akipita na ungo wa usipa akacheka mpaka akaushusha ungo chini. "Wacheni kumcheka," akawaambia, "huyu akijua, ninyi ndio mtakaoanika usipa badala yetu."

Wewe pia ndiye uliyeigeuza rili. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Ulikuja nayo umeshaifungua mpira wote, umeiweka juu ya ufito, dole gumba lako dogo limelala juu ya bobini. "Mama, kidole kimepata mahali pa kukaa." Nikakugombeza kwa kufungua kitu bila ruhusa. Kisha nikaishika, nikaona kwamba ni kweli, na sikukuambia kwamba ni kweli. Nikaendelea na ugali. Leo nakuambia: ilikuwa kweli.

Lakini kidole kupata mahali pa kukaa ni jambo moja, na kujua kukaa ni jambo jingine. Unakumbuka kwamba wewe ulijifunza kwa siku mbili na mimi kwa miezi mitano. Shida ilikuwa kazi yangu. Ofisini kazi yangu mojawapo ni kuwashika wazee dole gumba, kulibonyeza kwenye kidau cha wino na kulibonyeza tena kwenye fomu, na usipobonyeza kwa nguvu alama haitoki na fomu inarudi. Miaka yote hiyo mkono wangu umejifunza kwamba dole ni kitu cha kukandamiza. Kwa hiyo nikirusha, niliibonyeza bobini kama dole la mzee. Plagi ilikuwa inakwenda hatua mbili inaanguka, tap. Nikiona aibu, naachia kabisa, na hapo nywele zote zinaamka. Nilikuwa na mawili tu, kukaza na kuachia. Katikati yake sikuwahi kukaa.

Mzee Danstan ndiye aliyenikuta na wembe.

Ulikuwa shuleni siku ile, kwa hiyo sehemu hii huijui. Nilikuwa nyuma ya ofisi wakati wa chai, nimekaa juu ya tofali, ninakata uzi uliosokotana. Nilikuwa nikikata kila mara, mwanangu. Nikikata naficha vipande kwenye bahasha ya kaki kwenye droo, usije ukaona ni mara ngapi. Yeye alikuwa amekuja kufuatilia leseni ya mtumbwi wa mwanawe, na akaja nyuma akitafuta kivuli. Alinitazama kidogo. Yule mzee ameshona nyavu tangu kabla sijazaliwa. Hata akiongea, vidole vyake vinatembea kama vina kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weka wembe chini, Karani. Wembe ni wa kucha."

"Nimekosa subira, mzee."

"Subira unayo, fomu yangu umekaa nayo wiki tatu." Akacheka peke yake. "Wewe una haya. Mwenye haya hukata upesi ili asionekane."

Akakaa juu ya tofali la pili. Rili hakuwa akiijua, na alisema hivyo hivyo, kwamba mashine haijui ila uzi anaujua. Akaniambia nisivute popote. Kwanza nilegeze. Nitie kidole chini ya ule uzi, niuinue kidogo upumue, kisha nitazame. "Vitanzi vyote hivi unavyoviona ni makelele. Kuna kimoja kinashika wenzake. Ukikipata hicho, wengine wanajiendea." Tulikaa mpaka muda wa chai ukapita, na mimi sijawahi kuchelewa kurudi mezani hata siku moja. Tulikipata. Kilikuwa chini kabisa, kidogo, hakina hata dalili ya ubaya.

Nikamwomba asimwambie mtu kuhusu wembe. Akanishangaa. "Kwetu pwani hii," akasema, "wavu wa mtu ukiukuta na fundo, hulikati wala hulitangazi. Unalifumua, unauacha pale pale. Mwenyewe atakuja kuona."

Nilikusimulia lile la kitanzi jioni ile ile. La wembe nilikuficha. Na lile la mwisho, la kutotangaza, nilikuambia pia, lakini nilikuambia kama kichekesho cha mzee.

Baada ya hapo nilianza kuweza. Kile kitufe cha pembeni mwa rili, kinachobana bobini, nilijifunza kukikaza mpaka plagi ishuke polepole, kama ndoo inayoteremka kisimani. Nilijifunza kutorusha kwa hasira. Na dole langu, siku moja ambayo sikuiandika hata kwenye daftari, lilikaa juu ya uzi unaokimbia bila kuukaba, likausikia unavyopita, na plagi ilipogusa maji likasimamisha bobini lenyewe. Nilikuwa nimesimama kwenye mawe, Otilia, maji yananifika kwenye vifundo vya miguu, na nilikuwa nimesahau kuogopa. Wewe ulipiga makofi. Sidhani kama kuna cheti nilichopewa shuleni kilichonifurahisha kama makofi yale.

Mbasa wetu wa kwanza ulimpata wewe. Ilikuwa baada ya mvua za mwezi wa nne, maji ya mto yameingia ziwani mekundu. Ufito ulipinda mpaka nikadhani unavunjika, bobini inalia, na mimi nyuma yako napiga kelele, "Achia! Achia! Shika! Shika mwanangu! Achia!"

"Mama, chagua moja!"

Mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni nikikumbuka hiyo, nacheka. Tulikifunga kichwa kwenye majani ya mgomba, tukapanda gari la mizigo mpaka Mbamba Bay, na Mzee Salehe akakitazama kile kichwa, akatutazama sisi, akamwita mkewe kutoka ndani aje awe shahidi.

Sasa nimefika. Nimekunywa maji kwanza.

Mwezi wa kumi na moja uliopita, ile Jumapili ya mwisho tuliyokwenda kwenye mawe, ulipanda lile jiwe la mbele lenye utelezi. Mimi nilikuwa nimesharusha. Badala ya kutazama uzi nikakutazama wewe, nikawa nakuona umeshaanguka, na dole likasahau kazi. Nywele zilizoamka siku ile hazikuwa na mfano. Hatukuwa na nguvu ya kuzifumua. Nikaifunga rili kwenye kipande cha kitenge changu cha zamani, nikaiweka kwenye boksi lake chini ya kitanda, tukasema siku nyingine.

Wiki mbili baadaye barua yako ya shule ilikuja. Ilikuja kwenye sanduku la posta la ofisi, na ufunguo wa sanduku ni wangu. Niliifungua nikiwa nimesimama. Walisema umefaulu usaili, nafasi yako ipo, na mzazi athibitishe kabla ya tarehe waliyoitaja, la sivyo nafasi atapewa msichana mwingine. Nilisoma jina lako mara mbili. Nilifurahi, nataka uamini kwamba nilifurahi kwanza. Kisha nikahesabu: Mbinga, Songea, Njombe, Iringa. Nikaona milima yote ile, na mabasi yote yale, na vitanda vya bweni, na wewe unaumwa usiku na mimi siko.

Jioni uliniuliza mlangoni, "Mama, imekuja?"

Nikasema, "Bado."

Niliiweka kwenye boksi la rili, chini, na rili juu yake katika kitenge. Nilichagua pale kwa sababu rili ilikuwa na fundo baya na nilijua hakuna mtu atakayeigusa. Siku iliyofuata uliuliza tena. Nikasema gari la posta limekwama, barabara ya Mbinga ina matope. Otilia, hakukuwa na gari lililokwama. Matope yalikuwepo, na gari lilipita. Gari nililisingizia. Siku kumi na moja niliikalia barua yako, mimi ambaye ofisini sijawahi kukalia karatasi ya mtu bila kumwandikia sababu, isipokuwa ile ya Mzee Danstan. Kila usiku nilijiambia nitakupa kesho. Kila asubuhi nilisema labda tarehe ipite, halafu jambo liwe limekwisha lenyewe na mikono yangu iwe safi.

Siku ya kumi uliniambia, "Mama, twende tukaifumue rili, tukavue."

Nikaruka kama niliyeguswa na moto. "Ile haifai tena. Fundo lile labda ni la kukata."

Ulinitazama. "Halikatwi, Mama. Umeiangalia lakini? Huenda si baya kama unavyofikiri." Nikakwambia uende ukateke maji, na ndoo zilikuwa zimejaa.

Na siku ya kumi na moja hukuniuliza. Tulikuwa tunakula, ukasema taratibu, huku unakata tonge, "Mama, kama haikuja, si neno. Nitasoma hapa hapa. Tutakuwa tunavua."

Nilikuwa nimepata kila kitu nilichokuwa nikikitaka. Nikalirudisha tonge sahanini. Nikaenda chumbani, nikatia mkono chini ya kile kitenge bila hata kukifungua, nikachomoa bahasha, nikaja nayo nikasema, hata hapo nikasema, "Imekuja leo, nilitaka kukushtukiza." Ukanikumbatia kabla hujaisoma. Kesho yake nikapiga simu shuleni. Ilikuwa imebaki siku moja.

Hilo ndilo. Nimeliandika lote na mkono haujakauka. Ulikaribia kupoteza shule kwa siku moja, na mwizi alikuwa mimi. Sikuombi useme haina neno. Ina neno. Nilichokuwa nikitaka ni kwamba ukiwa huko, siku mtu mwenye kukupenda atakapokukaza kwa sababu ya woga wake, ujue kwamba jambo hilo lipo, kwamba hata mama yako alilifanya, na kwamba halikuwa upendo ingawa lilivaa nguo zake.

Rili nimekusudia uende nayo. Najua uendako hakuna ziwa. Ina fundo, nalo utalifumua ukipata nafasi. Ngoja niichukue niiweke kwenye tranka, na barua hii niitie chini yake, uikute ukifika.

Saa kumi na moja na nusu

Nimerudi mezani. Kwa muda nilikuwa nimekaa sakafuni.

Nimefungua kitenge. Uzi hauna fundo, Otilia. Umekunjwa wote kwenye bobini, sawasawa, umekazwa, unang'aa. Hakuna mahali ulipokatwa. Nimeutoa wote kwa mkono, mita baada ya mita, kutoka kitandani mpaka jikoni na kurudi, nikiupitisha kwenye vidole, na hakuna palipounganishwa. Mwisho wake umefungwa plagi, kwa lile fundo lako la kuzungusha mara tano, ambalo mimi hufunga mara nne.

Nimejaribu kujidanganya. Nimesema labda uliifumua baada ya barua kutoka. Lakini tangu siku ile mimi na wewe tumekuwa mbioni na sare na fomu na daktari, na boksi hili nililihamisha usiku ule ule kwenye kabati langu, nikalifunga, na ufunguo uko shingoni mwangu pamoja na ule wa sanduku la posta. Kwa hiyo ni kabla. Ni katika zile siku kumi na moja. Fundo lile si la saa moja. Ulikaa nalo siku kadhaa, nikiwa kazini, chini yake ikiwa barua yenye jina lako, bahasha ikiwa wazi.

Uliisoma. Ulijua tarehe.

Na kila jioni ulikuja mlangoni ukaniuliza, "Mama, imekuja?" na mimi nikakujibu bado. Ulikuwa unalegeza. Ulikuwa unatia kidole chini ya uzi uinuke, upumue. Siku ya kumi ulinionyesha kabisa mahali pa kutazama, na mimi nikakutuma maji. Kisha siku ya kumi na moja ukakubali kubaki. Nilidhani ulikuwa unakubali kwamba posta imetuangusha. Kumbe ulikuwa unanikubali mimi. Ungesoma hapa, ungevua na mimi kwenye mawe, na usingelisema kamwe, na ningekufa sijui nimefanyiwa nini na mtoto wa miaka kumi na minne.

Nimekaa hapa miaka yote hii nikiogopa kwamba sijakufundisha vya kutosha. Sina la kuongeza kwenye orodha ya tranka. Ila moja, na hili si la mama kwa mtoto, ni la mtu aliyefumuliwa kwa aliyemfumua: usinifanyie tena hivyo. Usinibebee. Siku nyingine ukikuta nimeificha barua yako, niletee mezani uiweke mbele yangu, useme, "Mama, hii nini?" Nitaona haya, nitapiga kelele, nitatafuta wembe. Wewe simama hapo hapo. Nyavu za pwani hii zinaweza kufumuliwa kimya, lakini mimi si wavu, na wewe hukuzaliwa uwe mshonaji wangu.

Rili inabaki. Nimebadili mawazo. Jumapili baada ya ibada nitakwenda nayo kwenye mawe peke yangu, wakicheka wacheke, na nikipata mbasa kichwa nitampelekea Mzee Salehe na kumwambia mjukuu wake yuko shule.

Nakusikia barabarani. Unamwamkia mtu, sijui nani, naye anakuuliza kesho mnaondoka saa ngapi, nawe unajibu kwa sauti ya mtu mzima. Bado nyumba tatu ufike. Barua hii nilitaka kuificha kwenye tranka uikute huko mbali, nisiuone uso wako ukiisoma. Sitafanya hivyo. Nitakupa mkononi hapo mlangoni, leo, kabla haijalala kwangu hata usiku mmoja, nami nitasimama mpaka uimalize.

Ni mimi mama yako, na hii sijaiwekea nakala.